Watu wa ICE, askari wa uhamiaji wa Marekani, wakibisha hodi bwenini, chuo kina ubavu wa kuwazuia?

#1 Mama Nasra
Wakuu habari zenu. Kijana wangu yuko mwaka wa pili Marekani, viza ya masomo ya F-1, chuo cha serikali katika jimbo la kusini ambalo naomba nisilitaje. Juzi chuo kimewaandikia wanafunzi wa kigeni barua pepe. Kwa kifupi inasema: ukimwona ofisa wa uhamiaji eneo la chuo usimzuie, usikimbie, usimpe taarifa za mwenzako, piga simu polisi wa chuo. Basi, imeishia hapo. Haisemi kama chuo kitamzuia ofisa mlangoni au kitamfungulia. Na hao polisi wa chuo wenyewe wako upande gani?

Binti wa dada yangu anasoma California. Anasema kwao chuo kinatakiwa kuwatangazia wanafunzi wote ikithibitika kwamba ICE wako ndani. Nchi moja, sheria mbili? Wenye uelewa naomba mnifungue macho, usingizi siupati.

#2 Kigagula wa Tabata
Pole mama. Ila tuambizane ukweli, chuo hakina jeshi. Ofisa wa serikali kuu akija na karatasi yake, mlango unafunguliwa. Hizo barua pepe ni za kutuliza wazazi.

#3 Mpwa wa Jaji
Mkuu #2, karatasi GANI? Hapo ndipo kesi yote ilipo.

Kuna hati inayotolewa na mahakama, imesainiwa na jaji au hakimu. Ukiipata hiyo chuo kinafungua, hakuna mjadala. Halafu kuna hati za uhamiaji wenyewe, fomu I-200 ya kumkamata mtu na I-205 ya kumwondoa nchini. Hizi anasaini ofisa wa uhamiaji, jaji hajaziona kabisa. Kwa jinsi mahakama zilivyozoea kuamua, hati ya aina ya pili inamruhusu ofisa kumkamata mtu akimkuta mahali pa wazi, lakini haimpi haki ya kuingia sehemu ya faragha bila mwenyewe kukubali.

Sasa chuo kina sehemu za aina zote mbili. Uwanja, njia, maegesho, mgahawa ulio wazi kwa kila mtu, huko ofisa anaingia kama mimi na wewe. Chumba cha bweni, ofisi ya mhadhiri, maabara inayofunguliwa kwa kadi, hizo ni sehemu zilizofungwa. Ubavu wa chuo unaanzia kwenye mlango wa kadi. Nje ya mlango huo hakina.

#4 Shangazi wa Lowell
Mpwa wa Jaji amesema vizuri. Niongeze ninachokiona kazini, maana nakaa mapokezi ya bweni zamu ya usiku huku Massachusetts.

Pembeni ya simu yangu pana karatasi imepigwa plastiki. Akija ofisa: muombe jina na namba ya beji, andika. Muombe nakala ya hati. Usisaini kitu. Usiseme "karibu", usimfungulie na kadi yako. Mwambie "mimi sina mamlaka ya kukuruhusu, nampigia anayehusika". Halafu piga simu kwa wanasheria wa chuo. Usimdanganye, usimfiche mtu, usimwambie mwanafunzi apitie mlango wa nyuma, maana hapo unajiletea kesi yako mwenyewe.

Tulifundishwa kutazama juu ya karatasi kabla ya kitu kingine. Ikiandikwa idara ya usalama wa ndani, hiyo ni ya uhamiaji. Ikiandikwa mahakama ya wilaya ya Marekani, shuka chini utafute saini ya jaji, anwani ya bweni letu na tarehe. Mlinzi mwenzangu, baba wa Kihaiti, amezikariri kuliko wanasheria.

#5 Kigagula wa Tabata
Shangazi shikamoo. Sasa mbona chuo cha Columbia, New York, ICE waliingia hadi vyumbani? Huko hakukuwa na karatasi ya plastiki?

#6 Kijana wa Kisii
@Kigagula hapo unachanganya matukio mawili, yalifuatana ndani ya wiki moja.

Machi 8, 2025 walimkamata Mahmoud Khalil, mwanaharakati wa Palestina aliyesoma hapo, kwenye ukumbi wa chini wa jengo la makazi linalomilikiwa na Columbia. Alikuwa na grini kadi, yaani ukaaji wa kudumu, si viza ya masomo. Alishikiliwa Louisiana hadi Juni 20. Tukio la pili ni Machi 13, walipekua vyumba viwili vya bweni. Siku hiyo walikuja na hati zilizosainiwa na hakimu wa mahakama ya shirikisho, na chuo kikasema wazi kwamba hakikuwa na jinsi. Hakuna aliyekamatwa usiku ule.

Kwa hiyo hata kwa kanuni ya Mpwa wa Jaji, Columbia hawakuvunja chochote Machi 13. Kinacholalamikiwa na wanafunzi ni kwamba Khalil alikuwa ameshawaandikia viongozi wa chuo akiomba ulinzi kabla hajakamatwa.

#7 Mtoto wa Goma
Bandugu jambo. Mnasahau mwanzo wa yote. Zamani ICE walikuwa na agizo la kutogusa shule, hospitali na makanisa. Hiyo ilifutwa Januari 20, 2025, siku ile ile ya kuapishwa. Mbele ya hapo hatukuwa tunazungumza habari za bweni.

#8 Mpwa wa Jaji
Sawa ndugu, ila watu wasidhani ilikuwa sheria. Lilikuwa agizo la ndani. Mkuu wa ICE, John Morton, alilitoa Oktoba 2011, likapanuliwa Oktoba 2021 na waziri Mayorkas. Halikusema "marufuku", lilisema ofisa aepuke maeneo hayo isipokuwa kuna dharura au amepata kibali cha wakubwa. Kitu kinachosimama kwa saini ya mkubwa mmoja kinaanguka kwa saini ya mwingine.

Na ule mgawanyo wa sehemu za wazi na za faragha haukuguswa, kwa sababu huo unatoka kwenye katiba yao.

#9 Kijana wa Kisii
Jambo ambalo wengi hawalijui: agizo la 2011 lilitoka Janet Napolitano akiwa waziri wa usalama wa ndani. Miaka michache baadaye akawa rais wa Chuo Kikuu cha California, na Novemba 2016 akatoa mwongozo kwamba polisi wa chuo hicho hawatafanya kazi ya uhamiaji na taarifa za wanafunzi hazitatolewa kienyeji. Alikuwa anaijua nyumba ile kutoka ndani. Naamini ndiyo maana mwongozo wa California uliandikwa kwa makini huku vyuo vingine vikitoa matamko matamu tu ya "chuo ni kimbilio" yasiyo na kifungu hata kimoja cha utekelezaji.

#10 Nyakato
Mama Nasra, nikujibu lile la nchi moja sheria mbili. Uhamiaji ni wa serikali kuu, lakini polisi wa chuo cha umma wako chini ya jimbo. Jimbo likisema wasaidie, watasaidia.

California walipitisha sheria SB 98 mwezi Septemba 2025, ndiyo hiyo ya kutangaza. Inavibana vyuo vya CSU (mfumo mwingine wa vyuo vikuu vya jimbo) na vile vya jamii, kwa Chuo Kikuu cha California ni ombi tu kwa sababu ya uhuru wake wa kikatiba. Texas tangu 2017 wana SB 4, inayokataza mji au polisi wa chuo kuweka sera ya kugoma kushirikiana na uhamiaji. Florida ndiyo wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2025 polisi wa vyuo kama FIU (Florida International University) na Chuo Kikuu cha Florida walisaini mikataba ya 287(g), inayowapa askari wa chuo mafunzo na mamlaka ya kazi za uhamiaji chini ya usimamizi wa ICE.

Sasa mwambie kijana aangalie yuko jimbo gani kabla hajaipiga ile namba ya polisi wa chuo. Sehemu moja ni msaada, sehemu nyingine ni ofisi ile ile yenye sare tofauti.

#11 Mama Nasra
Nyakato mwanangu, umenitisha na umenisaidia kwa pamoja. Asante. Kwa hiyo barua pepe ile imeandikwa kifupi kwa makusudi?

#12 Nyakato
Mimi naona hivyo. Mwanasheria wa chuo cha jimbo kama lenu akiandika "tutamzuia", gavana atamwita. Akiandika "tutamfungulia", wanafunzi watahama. Anaandika mistari minne.

#13 Mzaramo Dallas
Mnazunguka. Jibu ni PESA. Machi 7, 2025 Columbia walikatiwa na serikali kuu dola milioni 400, kesho yake Khalil akakamatwa. Julai wakakubali kulipa zaidi ya dola milioni 200 ili yaishe. Harvard waligoma, Aprili wakazuiliwa dola bilioni 2.2 za utafiti. Rais wa chuo kidogo akiona hayo yanawapata matajiri wenye akiba ya kutisha, yeye ni nani?

#14 Kijana wa Kisii
Pesa za utafiti ni kweli, lakini chuo kidogo cha Kansas hakina utafiti wa mabilioni na bado kimenyamaza. Kinachowatisha zaidi ni kibali. Chuo hakiwezi kutoa I-20, ile fomu ambayo mwanafunzi wa kigeni huombea viza, bila kuidhinishwa na idara ya usalama wa ndani. Mei 22, 2025 Harvard walifutiwa kibali hicho siku moja tu, na wageni ni zaidi ya robo ya wanafunzi wao. Kesho yake asubuhi wakaenda mahakamani, jaji Allison Burroughs akasimamisha uamuzi siku hiyo hiyo. Harvard wana mawakili wa kuamka nao alfajiri. Chuo kidogo kikifutiwa Ijumaa, kufikia Jumatatu hakina wanafunzi wa kigeni, na hao ndio wanaolipa ada kamili.

#15 Bint Pemba
Asalaam aleikum. Nimesoma uzi wote, mnazungumzia mlango tu. Wanaobisha hodi ni wachache. Kilichotuumiza sisi mwaka 2025 hakikubisha hodi mahali popote, kilipita kwenye kompyuta.

Kila mwanafunzi wa F-1 yuko kwenye mfumo unaoitwa SEVIS. Chuo kina ofisa wake anayeingia humo kuripoti: umesajili masomo kamili, umehama anwani, umeacha shule. Aprili 2025 serikali iliingia na kufunga rekodi za wanafunzi zaidi ya 4,700 bila kuwaambia wenyewe wala vyuo. Vyuo viligundua kwa sababu maofisa wao walizoea kufungua mfumo asubuhi, wakakuta fulani aliyekuwa hai jana leo amefungwa. Ilikuja kusemwa mahakamani kwamba walipitisha majina ya wanafunzi kama milioni 1.3 kwenye kanzidata ya makosa ya jinai, na aliyegusana na polisi kwa lolote akaweza kuangukia humo.

Mimi mmoja wao. Nilikuwa na kesi ya gari, ilifutwa siku nyingi. Ofisa wetu wa wanafunzi wa kigeni alinipigia kabla sijaamka, sauti inamtetemeka, akasema usiende kazini leo maktaba, ukifanya kazi sasa unavunja sheria. Mwajiri wangu alikuwa chuo hicho hicho. Mwanasheria wa chuo akasema wao hawawezi kuniwakilisha, wakanipa orodha ya mawakili wa nje. Tulijiunga na wengine tukashtaki. Majaji wengi waliamuru rekodi zirudishwe, na Aprili 25 serikali yenyewe ikatangaza kuzirudisha.

Kwa hiyo nikiulizwa chuo kina ubavu gani, nasema chuo chenyewe ni sehemu ya mfumo. Mkono mmoja unakupa namba ya simu ya msaada, mwingine unajaza ripoti yako kila muhula.

#16 Mzaramo Dallas
Hivi si ndiyo ilikuwa viza zimefutwa? Ukifutiwa viza si unatakiwa uondoke siku hiyo hiyo?

#17 Bint Pemba
Hapana kaka. Viza ni ya kuingilia mpakani. Kinachokuruhusu kukaa ni hadhi yako ya uanafunzi. Viza inaweza kuisha au kufutwa ukaendelea kusoma, ila ukitoka hurudi. Waliotufanyia ni kufunga rekodi ya SEVIS, na hapo ndipo mawakili walipobishana nao, maana kanuni zimeorodhesha sababu za mtu kupoteza hadhi na kukutwa jina kwenye kanzidata haimo.

#18 Kigagula wa Tabata
Bint Pemba pole sana, na hongera kwa kusimama. Nabaki pale pale lakini kwa sababu nyingine: kumbe mlango hata hauhitajiki.

#19 Shangazi wa Lowell
Hata mimi hapo nakubali, wanangu. Rumeysa Ozturk wa Tufts, huku kwetu, Machi 25, 2025, hawakumfuata chuoni. Walimngoja mtaani karibu na kwake Somerville, jioni ya Ramadhani akienda kufuturu. Walikuwa wamefunika nyuso. Viza yake ilikuwa imefutwa na si yeye wala chuo aliyejulishwa. Kosa linalojulikana ni makala aliyoandika na wenzake kwenye gazeti la chuo.

Ila Tufts hawakukaa kimya. Rais wao, Sunil Kumar, aliweka tamko mahakamani kwamba mwanafunzi huyu hana doa na wanataka arudi amalizie shahada. Aliachiwa Mei 9 kwa amri ya jaji wa Vermont. Chuo binafsi, tena chenye hofu zote za pesa na kibali mlizotaja. Sasa hiyo nadharia ya Mzaramo inaelezaje Tufts?

#20 Mzaramo Dallas
Shangazi, Tufts walisema baada ya video kuonekana dunia nzima. Kunyamaza kungewagharimu zaidi. Bado ni hesabu.

#21 Shangazi wa Lowell
Mzaramo wewe ukiona mtu anamsaidia bibi kuvuka barabara utauliza amelipwa ngapi. Watu walisimama kwa sababu walimjua yule binti.

#22 Fundi Saa
😂 Shangazi kamaliza. Ila wadau, kuna wanaokumbuka Farmington? Serikali ilifungua chuo feki Michigan, tovuti ipo, nembo ipo, kibali cha kutoa I-20 kipo, darasa hata moja hakuna. Wanafunzi kama 600 walijiandikisha, wengi Wahindi, wakalipa ada. Mwaka 2019 pazia likafunguliwa, karibu 250 wakakamatwa. Walimu hawakuwepo, waliokuwepo ni maofisa wa uhamiaji.

#23 Kijana wa Kisii
Na kabla yake kulikuwa na kingine New Jersey, 2013 hadi 2016. Kile kililenga madalali, 21 wakakamatwa. Nawaambia vijana wa nyumbani wanaotafuta chuo cha "karatasi tu" ili wafanye kazi: kibali kuwepo kwenye tovuti ya serikali hakitoshi. Uliza wahitimu wako wapi.

#24 Mtoto wa Goma
Kwa Wakongomani wenzangu wanaosoma huu uzi: wengi wetu tulikuja kama wakimbizi, hatumo kwenye SEVIS. Baada ya mwaka unaomba ukaaji wa kudumu. Msichukue hofu ya F-1 mkaiweka juu ya yenu. Ila Khalil alikuwa na grini kadi, kwa hiyo nayo si ukuta.

#25 Nyakato
Mama Nasra, moja muhimu kwa Watanzania. Tangazo la rais la Desemba 2025 limeiweka Tanzania kwenye nchi zenye vikwazo vya sehemu kuanzia Januari 1, 2026, viza za masomo zikiwemo. Burundi wamo tangu Juni 2025. Aliye ndani haimtoi, na viza ambayo bado hai haikufutwa na tangazo. Lakini viza ikiisha akiwa Dar, hapati nyingine. Asije likizo kabla hajazungumza na ofisa wake wa chuo.

#26 Mama Nasra
Bibi yake anaumwa na anamsubiri Desemba. Sijui nimwambieje mama mkwe wangu. Asante Nyakato.

#27 Mpwa wa Jaji
Pole mama.

Niweke na hili ili msiseme nilificha. Januari 2026 ilifichuka barua ya ndani ya Mei 2025 yenye saini ya kaimu mkuu wa ICE, Todd Lyons. Inadai fomu I-205 inatosha kuingia nyumbani kwa nguvu kama mtu ana amri ya mwisho ya kuondolewa nchini. Mawakili wanaipinga kwamba inakanyaga katiba. Mwanafunzi wa F-1 wa kawaida hana amri ya namna hiyo, kwa hiyo ya bwenini bado inasimama kama nilivyoeleza #3. Lakini yule wa mapokezi saa nane usiku, akiambiwa na watu wenye bunduki kwamba karatasi inatosha, anafanyaje?

#28 Shangazi wa Lowell
Anapiga simu. Anasema "sikubali lakini sitakuzuia kwa mwili", anaandika saa na majina. Mawakili watapigana na karatasi baadaye. Mie na mguu wangu huu siwezi kushindana na mtu.

#29 Kigagula wa Tabata
Ndicho nilichosema #2, mlango unafunguliwa.

#30 Mpwa wa Jaji
Unafunguliwa bila ridhaa na kwa maandishi, Kigagula. Mahakamani hiyo ni tofauti ya kesi kushinda na kushindwa.

#31 Mama Nasra
Ndugu zangu, jana nilipiga chuoni kuuliza kama rekodi ya kijana iko sawa. Dada wa upande wa pili akanijibu kwa adabu kwamba hawezi hata kuthibitisha kama mwanangu ni mwanafunzi wao. Mimi ninayelipa ada!

#32 Bint Pemba
Mama, hiyo ni FERPA, sheria ya 1974 ya siri za wanafunzi. Akishafika chuo, haki ni zake hata kama analipiwa na mzazi. Furahi kidogo, maana huyo dada akipigiwa na mtu anayejifanya ofisa atajibu vivyo hivyo. Haizuii taarifa za SEVIS kwenda serikalini, ila kwa kawaida inazuia mengine yasitolewe bila amri ya mahakama, wito halali wa kisheria au ridhaa yake.

Mwambie afanye haya wiki hii. Aende kwa msajili asaini fomu ya kukuruhusu wewe kuzungumza na chuo. Hapo hapo aombe jina, simu na anwani yake viondolewe kwenye orodha ya wazi, maana bila kuomba chuo kinaweza kuvitoa kwa yeyote. Atafute wakili wa uhamiaji mapema wasaini fomu G-28 ya kumtambulisha wakili wake, ili likitokea jambo wakili asianze kwa kuomba ruhusa. Na wewe andika jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na nchi aliyozaliwa. Mfumo wa ICE wa kumtafuta mtu aliyeshikiliwa unataka jina hivyo hivyo. Kaka yangu alitafuta "Khamis" mtu ameandikwa "Hamisi", hakuona kitu.

#33 Mama Nasra
Pasipoti yake ina majina matatu na chuo kimeandika mawili. Wanatumia lipi?

#34 Bint Pemba
La pasipoti. Na I-20 yake ilitakiwa ifuate pasipoti, kwa hiyo amwonyeshe ofisa wake zote mbili kesho asubuhi wairekebishe.